Nusu Yangu ya Mbingu, Upande wa Ziwa

Jumatatu, 13 aprili

Prodige ameamka na jino la nne. Sikuliona, nililisikia, akinyonya. Miezi kumi na moja, meno manne, na baba yake hajaliona hata moja kwa macho yake.

Naandika vizuri sababu Josias, bwana yangu, atasoma daftari hii siku akirudi. Kurasa zingine nitazichana kabla.

Alienda Butembo kutafuta maharagi, mimba yangu ikiwa na miezi sita. Alisema wiki mbili. Barabara ikafungwa nyuma yake. Hakuniona nikizaa. Hakumuona mutoto akikaa. Sasa ubatizo ni jumapili hii, na ameniomba jambo moja tu: aone maji yakigusa kichwa cha mutoto wake. Hataki picha ya kutumiwa kesho yake. Anataka maji yenyewe, saa ile ile. Nimemuahidi.

Kwa réseau ya kawaida ya telefone haiwezekani. Sauti ya Josias inafika kama mutu anayeongea ndani ya ndoo, na picha haifiki kabisa. Tunaonana kwa sahani ya satelaiti peke yake, ile aliyotuachia juu ya bati.

Na leo asubuhi radio imesema: kila mwenye sahani aende kuitangaza kwenye ofisi ya mawasiliano kabla ya jumamosi saa sita. Ambayo haijatangazwa itachukuliwa. Wakaongeza kwamba kampuni ya satelaiti na wakubwa wa Kinshasa bado wanazozana juu ya leseni na masafa. Mutu wa radio akafafanua kwamba masafa ni kama barabara za hewani. Mukipita wawili katika moja mutagongana, na hakuna atakayefika.

Sahani yetu Josias aliinunua Gisenyi. Ilivuka mupaka chini ya mashu, zile kabichi, imefungwa ndani ya kitambaa cha meza. Haina papier, karatasi ya ruhusa, ya huku.

Lakini Mungu hakuninyima akili, hata kama masomo yalikatikia darasa la troisième. Nimeitazama ile sahani. Ni bapa, ni nyeupe, iko juani. Kitu gani kingine ni bapa na cheupe na kinakaa juu ya bati bila mutu kuuliza? Nimenunua sambaza, samaki wadogo wa ziwa, nimezipanga juu yake, vichwa upande mumoja. Ukipita njiani unaona mama anaanika samaki. Basi.

Saa kumi tumemuita Josias. Picha ilikwama kwenye nusu ya uso. Jicho moja tu. Prodige alilibusu lile jicho, kisha likapotea.


Jumanne, 14 aprili

Picha imekatika tena. Nimekaa juu ya jiwe la volkano mbele ya mulango, nimefikiri mpaka maharagi yakaungua.

Nimepata. Ni Mama Nabintu.

Mama Nabintu ni jirani wetu wa upande wa juu, wa kutoka Bukavu, mujane, anapika bitumbura, maandazi ya mafuta, mbele ya mulango wake na kuimba nyimbo za kanisa kwa sauti ambayo hakuna aliyemuomba. Wiki mbili zilizopita naye alipandisha sahani, aone wajukuu wake walioko Kampala. Sahani mbili, avenue moja. Radio imesema wazi: mukipita wawili mutagongana. Amekaa katikati ya barabara yetu.

Nimeenda kumuambia kwa heshima azime yake kila saa kumi. Amecheka mpaka kijiko kikaanguka. "Mama Prodige, mbingu yote hii, miye na weye tunashindwa kuenea? Hata volkano inaenea!" Nimemujibu kwamba mbingu iliyo juu ya parcelle yetu, kiwanja chetu, ni ya parcelle yetu. Akasema basi niambie na mvua ya kwake isininyeshee.

Nimetoka pale nimekasirika. Nyumbani nimekuta kunguru watatu juu ya sahani wanakula. Nimewafukuza kwa ufagio. Mumoja ameruka na kichwa cha samaki, kikamuponyoka juu ya ukuta, kikaingia moja kwa moja katika mafuta ya Mama Nabintu. Nimesikia nyimbo zimenyamaza. Sikusema kilitoka wapi.

Jioni nimemupeleka shitaka langu Muzee Bulonza, chef wetu wa avenue. Amefurahi sana. Amesema ni muda hajapata kesi ya mupaka yenye maana.


Jumatano, 15 aprili

Muzee Bulonza amekuja na kamba.

Lazima nieleze kamba. Mwaka lava iliposhuka katikati ya muji, mimi nilikuwa bado sijazaliwa, ilifunika nyumba na mawe ya mipaka yote. Watu waliporudi hakuna aliyejua jiko lake liliishia wapi. Muzee Bulonza alinunua kamba ya nailoni ya bluu, akaifunga fundo kila metre, akapima upya avenue nzima akitembea juu ya mawe yenye moto bado. Viatu viliyeyuka. Kile kamba ilichosema, ndicho kipo mpaka leo. Volkano ilipotoka tena mwaka 2021 aliitoa kamba akaikunjua, lakini lava ikasimama mbali. Tangu hapo kamba imekaa msumarini inasubiri kazi.

Leo imegawa mbingu.

Ameifunga kwenye choo cha Mama Nabintu, akaipitisha juu ya bati zetu mbili, akaikaza kwenye muti wetu wa avoka. Akatangaza: mbingu ya upande wa volkano ni ya Mama Nabintu, mbingu ya upande wa ziwa ni ya Mama Prodige. Kila sahani itazame kwake. Hakuna ruhusa ya sahani kuchungulia mbingu ya mwenzake. Ameandika acte, hati ya mupaka, kopi tatu, muhuri juu. Mama Nabintu alitia sahihi akijizuia kucheka. Alileta bitumbura kwa ajili ya kikao. Miye nilileta sambaza, nilizichukua palepale juu.

Nimeuliza kwa nini miye ni ziwa. Muzee akasema mukubwa anachagua kwanza. Na yeye na Mama Nabintu wote wawili ni watu wa Bukavu. Hilo nimelikumbuka kimoyomoyo.

Nimegeuza sahani iangalie ziwa. Ikainama, samaki wakaanza kuteleza. Nimewafunga kwa kipande cha chandarua, nimekimwagia maji kidogo kishike.

Saa kumi telefone ikaandika: inatafuta satelaiti. Ilitafuta mpaka giza. Hata jicho moja sikupata.

Josias alipiga kwa sauti tu. Aliuliza picha imeenda wapi. Nikamuambia Mama Nabintu amekula mbingu. Akauliza kama ninalala vizuri. Halafu akasema, polepole, kwamba kama jumapili haiwezekani, si neno, atavumilia. Namujua Josias. Akisema si neno, ni neno.


Alhamisi, 16 aprili

Nimemubeba Prodige mgongoni, nimeenda ofisi ya mawasiliano. Mustari ulifika mpaka barabarani. Kila mutu alikuwa na picha ya sahani yake mukononi kama picha ya marehemu.

Agent aliyenipokea anaitwa Papa Cirimwami. Miwani imefungwa kwa uzi, na sauti nzito inayofanya meza itetemeke. Alisoma papier ya kununulia. "Mama, hii sahani inakaa Gisenyi." Nikamuambia ilihama. Akauliza ilihama lini. Nikasema ilimufuata bwana yangu. Akauliza bwana yuko wapi. Butembo, nikasema. Akavua miwani, akajifuta macho, akasema dossier hii imetembea kuliko yeye.

Lakini hakunifukuza. Anataka vitu vitatu: ombi la kuandikwa kwa mukono, picha ya sahani, na muhuri wa chef d'avenue. Nikileta vyote kabla ya jumamosi saa sita atanipa jeton, kipande chenye namba ya sahani, na mwenye jeton hachukuliwi sahani. Leseni yenyewe bado, sababu wakubwa hawajamaliza kuzozana.

Ombi nimeliandika palepale, karatasi ya daftari hii. Picha nilikuwa nayo. Aliitazama muda murefu.

"Mama, hii ni anteni ama ni chakula?"

Nikasema ni vyote viwili. Akanishauri nitoe samaki. Nikamueleza kwa adabu kwamba samaki ni mambo ya ndani ya nyumba, miye nimekuja kwa ajili ya mbingu. Nikamuambia na kesi ya kamba. Alikohoa sana. Kisha akasema sahani elfu moja zinaweza kutazama mbingu moja bila kusukumana, satelaiti zinapita zingine na zingine zinakuja, na ile vita ya masafa ni ya makampuni na Kinshasa, haihusu mama wawili wa avenue ya Mapendo.

Nimemushukuru. Njiani nimefikiri. Kama masafa yanatosha watu wote, kwa nini wakubwa wenye kravate wanayagombania? Hakuna mutu anayegombania kitu kinachotosha. Kwa hiyo Papa Cirimwami ama hajui, ama anajua na anaficha. Nimemuhurumia.

Katika mustari, mama mumoja alikuwa amesema sahani ikishitakiwa na jirani, wanaifuata mara moja, hawangoji jumamosi. Nilikuwa nimefika kwenye kona nilipolikumbuka neno hilo. Nikarudi.

Nimeandika barua juu ya magoti, chini ya ukuta wa ofisi, mukoba wa sambaza nilizonunua njiani pembeni, Prodige akinivuta nywele. Sikuweka jina. Nimeandika hivi:

Wakubwa wa mawasiliano, katika avenue yetu ya Mapendo kuna sahani isiyojulikana na serikali. Fuateni kamba ya bluu. Ni ile inayotazama upande wa volkano. Ni miye mukaaji anayependa sheria.

Nimeitia katika sanduku la malalamiko mulangoni. Si kwa ubaya. Nia ni siku tatu tu, barabara ya hewani iwe wazi mpaka jumapili. Baadaye wataimurudishia. Nadhani wanarudisha.

Kwa muhuri wa Muzee nitaenda kesho, ama jumamosi asubuhi.


Ijumaa, 17 aprili

Sijui niandike nini kwanza.

Asubuhi Mama Nabintu amebisha hodi. Nikajua ameshajua. Alikuwa na bakuli la bitumbura limefunikwa kitambaa. Akakaa, akamupakata Prodige, akasema ameniona tangu jumatano nikigeuza sahani huku na huku kama mutu anayetafuta mutoto sokoni. Akasema kesi ya kamba ilimuchekesha, lakini ubatizo hauchekeshi. Yeye wajukuu wake wanaweza kusubiri. "Chukua upande wangu wa mbingu mpaka jumatatu, mutoto wangu. Bwana yako amuone mutoto wake."

Sikuwa na kitu cha kumupa mugeni wa namna hiyo. Nimepanda juu ya bati, nimetoa sambaza zote, nimezikaanga na pilipili. Amekula akasema hajawahi kula sambaza kavu vizuri hivi, na akaniuliza ninazikaushia wapi.

Muzee Bulonza ameitwa. Amekuja na muhuri wake na uso wa mutu wa sheria. Ameandika acte nyingine: tangu leo mbingu ya upande wa volkano ni ya Mama Prodige, ya upande wa ziwa ni ya Mama Nabintu, mpaka jumatatu. Nimetia sahihi. Sahihi ilitoka nje ya mustari, akadhani ni furaha.

Tumegeuza sahani. Na picha ikaja! Safi, kama kioo. Josias muzima, macho mawili. Amefuga ndevu, hakuniambia. Prodige alinyoosha kidole akagusa zile ndevu juu ya kioo, akatazama kidole chake kama zimebaki pale. Mama Nabintu alikuwa mulangoni anafuta machozi kwa kitenge. Miye pia nililia, lakini kwa sababu yangu nyingine.

Kwa hiyo ni kweli, nilisema tangu mwanzo: mbingu ya upande wa volkano ni tamu zaidi.

Na barua yangu inasema upande wa volkano.

Nimekimbia mpaka ofisi na ndala moja imekatika. Wamefunga. Sentinelle, mulinzi wa mulangoni, akasema sanduku linafunguliwa kila siku saa sita. Nikamuambia labda lilibaki jambo ndani. Alipoenda kunywa maji nimeingiza kijiti chenye bitumbura iliyotafunwa mwishoni, ishike. Nimetoa barua tatu. Hakuna yangu. Mutu mumoja analalamikia jogoo. Nimezirudisha zote.


Jumamosi, 18 aprili

Nimepata mpango mwingine nikiwa nachemsha uji: kumurudishia Mama Nabintu mbingu yake.

Nimeenda kwake mapema. Nimesema nimefikiri, ni zawadi kubwa mno, dhamiri inanisumbua, achukue upande wake wa volkano leo hii. Akakataa. Nikasisitiza. Akanishika mikono miwili. "Hapana, mutoto wangu, usione haya." Nikasema siwezi. Akasema naweza. Tulikuwa pale tunasukumiana mbingu, kila mutu akiisukuma kwa mwenzake, na ndipo niliposikia buti.

Vijana wawili wa ofisi. Walikuwa wanatembea wameinua kichwa, wanafuata kamba ya bluu.

Wakauliza upande wa volkano ni wa nani. Muzee Bulonza alikuwa ameshafika, na acte mufukoni. Aliikunjua, akaisoma kwa sauti mpaka mwisho, tarehe na muhuri. Upande wa volkano: Mama Prodige.

Nikasema juzi ulikuwa wa Mama Nabintu. Nilisema hivyo. Naandika ili nijikumbushe, halafu nitauchana ukurasa. Kijana mumoja akamugeukia Mama Nabintu kumuuliza jeton. Mama akaingiza mukono katika kitenge, akaitoa. Alikwenda kuitangaza sahani yake jumatatu, siku ileile ya radio, kabla hata ya kupika. Barua yangu haingemugusa hata kidogo.

Miye jeton sikuwa nayo. Jana muhuri ulikuwa metre tatu kutoka kwangu, na sikuuomba.

Wameishusha. Wakauliza kwa nini imejaa magamba. Wamenipa karatasi, wameenda nayo imewekwa mgongoni.

Prodige alikuwa mukononi mwangu. Akaipungia. "Papa," akasema. "Papa, papa." Mpaka walipopotea kwenye kona. Yeye anajua baba yake anakaa mule ndani.

Nimekaa juu ya jiwe. Sikupika. Nimewaza jinsi ya kumuambia Josias, nimeandika ujumbe, nimefuta, nimeandika, nimefuta.

Mama Nabintu alikuja kukaa pembeni yangu. Hakuimba. Halafu akaniuliza kutoka hapa mpaka parokia ni hatua ngapi. Nikamuambia sahani yake haiwezi kufika kule, connexion inaishia kwenye muti wa avoka. Akasema hakuuliza connexion, ameuliza hatua. Akainuka, akaenda kumuona Muzee Bulonza. Muzee ana chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukumia mizigo.


Jumapili, 19 aprili

Nataka nikumbuke kila kitu.

Muzee Bulonza alikuja saa moja, na suti. Chukudu ilikuwa imeoshwa. Chini batri ya Mama Nabintu, juu sahani yake, imefungwa kwa kamba ya bluu. Ile ile. Aliikata? Hapana, hawezi kuikata. Aliifungua kwenye choo na kwenye avoka, akaizungusha mara kumi na mbili. Nimemuuliza sasa mbingu itagawanywaje. Akasema siku ya Bwana mbingu haina mupaka, jumatatu tutaona.

Tukashuka. Muzee akisukuma, Mama Nabintu akishika sahani isianguke kwenye mawe, miye na Prodige na nguo yake nyeupe, dada yangu Thérèse nyuma na mushumaa. Watu walitoka milangoni. Mutu mumoja akapiga kelele, "Munauza meza?" Muzee hakugeuka.

Wameiweka katika uwanja, karibu na dirisha la kanisa. Muzee alibaki nje kuilinda. Alikaza kilichobaki cha kamba kuizunguka, watoto wasiguse, akasimama kama askari.

Ndani, Mama Nabintu alishika telefone. Nilimuomba Mungu. Nilisema kama ni dhambi yangu, anipige mimi kesho, leo aache réseau.

Josias alionekana. Amevaa shati, amekaa mbele ya ukuta wa mbao, nyuma yake watu wamejaa, wenye nyumba na majirani, wote wanachungulia. Ndevu amenyoa.

Padri akauliza, mutoto huyu munamupa jina gani. Nilifungua kinywa. Lakini telefone ilikuwa imejibu: "Prodige!" Sauti ya Josias, kwa nguvu, katika kanisa zima. Watu wakageuka. Wengine wakacheka, mama mumoja akapiga vigelegele. Padri akasogea kwa telefone, akauliza tena, kwa upole, kama mutu anayeongea na mugonjwa. Josias akajibu tena, polepole, na sauti ikamukatika katikati.

Maji yakashuka. Prodige hakulia. Maji yalipita kwenye nyusi, akapepesa, akatafuta huku na huku mpaka akaona kioo. "Papa."

"Ee, baba," Josias akasema. "Niko. Nimeona."

Nimeona. Alisema nimeona.

Sitaandika zaidi hapo, karatasi inalowana.

Tulipotoka, mwimbaji mumoja wa bas, ile sauti nzito ya kwaya, alikuwa amesimama mbele ya chukudu anatazama sahani. Miwani yenye uzi. Papa Cirimwami! Sikujua anasali kwetu. Nilidhani ataichukua na hii. Aliuliza jeton yake, Mama Nabintu akamuonyesha, akasema vizuri, hakuna sheria inayokataza sahani kuja kwenye misa.

Kisha akanivuta kando. Akaongea chini, na kwake chini ni kama mutu mwingine akiita. Amesema sahani yangu iko kwenye meza yake, kesho saa mbili nilete muhuri, nitapewa jeton na nitairudisha nyumbani. Na tena akasema ofisi imepata barua isiyo na jina. Mwandiko mzuri, amesema, kama wa kwenye ombi langu. Karatasi ya daftari ileile.

"Na inanuka sambaza, Mama Prodige."

Nilitazama chini. Akasema hatasoma barua hiyo kwa mutu yeyote, na kwamba vita vya masafa vya Kinshasa vinatosha. Akaenda kula bitumbura.

Nikaamua kumuungamia Mama Nabintu palepale. Nikamuendea. Nikasema mama, kuna jambo. Lakini alikuwa na mutoto wangu mukono mumoja na soda mukono mwingine, na kinywa kimejaa. Akasema, "Kesho, mutoto wangu, leo ni furaha." Siwezi kumukatalia mutu mukubwa.


Jumatatu, 20 aprili

Sahani imerudi. Muhuri Muzee aliugonga kwa dakika moja, akauliza kwa nini sikuuomba mapema. Jeton nimeifunga katika nailoni, nimeiweka ndani ya misale, kitabu changu cha misa.

Papa Cirimwami amenipa na barua yangu, imekunjwa. Ameniambia sahani itazame juu, bila kitu juu yake, na nitaona. Nimemushukuru. Nimechoma barua katika babula, jiko la mukaa, kabla ya kuweka maharagi.

Kamba imerudi msumarini. Sasa miye na Mama Nabintu ni mbingu moja. Leo asubuhi ameniita mutoto wangu mara nne. Nitamuambia ile habari, nimeapa. Lakini huwezi kumuendea mutu mwema namna hiyo mikono mitupu. Nimekumbuka alivyozipenda sambaza zangu kavu. Basi nimenunua kilo mbili, nimezipanga juu, vichwa upande mumoja, na chandarua kwa sababu ya kunguru. Zikikauka nitampelekea na kuungama, vyote pamoja.

Wanasema barabara ya Butembo labda itafunguka mwezi huu. Josias ameanza kutafuta nafasi katika lori. Nimemuonyesha Prodige jinsi ya kupunga mukono kwa kukaribisha, maana kwa kuaga anajua.

Saa kumi tumemuita. Picha imekwama. Nusu ya uso. Jicho moja.

Si Mama Nabintu, yeye ni mutu mwema, na leo sahani yake imezimwa kabisa, nimeenda kuhakikisha. Nimepanda juu ya bati nimetazama pande zote. Na nimeona. Nyumba ya tatu, nyuma ya mabomba ya maji, kwa Mama Charline, muuza makala ya kupikia. Kitu cheupe. Bapa. Kipya.

Nimepita kwa Muzee Bulonza kumuuliza kamba ina metre ngapi. Amesema inafika.

Nimeanza na barua, kwa ajili ya dharura tu. Karatasi nimeazima kwa Thérèse, naandika na mukono wa kushoto. Na safari hii nimenawa kwanza, kwa sabuni na ndimu.